Kwa Nini Sita Husita: Utani wa Hisabati Katika Lugha ya Kigeni

Mzaha wa hisabati hudai mambo mawili kwa msikilizaji wake: kwanza aijue dhana ya kihesabu inayotajwa, kisha alijue neno lililobeba dhana hiyo katika kazi zake nyingine nje ya darasa, iwe sokoni, jikoni au barabarani. Mwenye dhana asiye na neno hukokotoa bila kucheka, na mwenye neno asiye na dhana huwatazama wenzake kwanza ndipo ajue wakati wa kutabasamu. Lugha inapokuwa ya kigeni tatizo hili huchukua sura isiyotarajiwa, kwani mgeni anaweza kumshinda mtoa mzaha kwa hisabati na bado akaachwa nje ya kicheko, si kwa uchache wa maneno anayoyajua, bali kwa kuwa alijifunza maana za maneno hayo kwa mpangilio tofauti na ule wa wenyeji. Mpangilio huo ndio kiini cha jambo, na watoto wengi wa Afrika Mashariki, wanaoanza kuhesabu katika lugha moja na kuendelea katika nyingine, huuishi bila kuupa jina.

Witeithie ni mahali panapofaa kulitazamia jambo hili. Ni mji mdogo na wadi katika eneo bunge la Juja, kaunti ya Kiambu, kandokando ya barabara kuu inayotoka Nairobi kupitia Ruiru na Juja hadi Thika. Jina lenyewe ni amri ya Kikuyu yenye maana ya "jisaidie", na kila mzungumzaji wa Kiswahili anaelewa kwa nini tafsiri hiyo, ingawa ni sahihi kabisa, haifai kuandikwa kwenye kibao cha barabarani. Hapo nambari hutamkwa kwa lugha nne katika siku moja: Kikuyu kwa wazee na nyumbani, Kiswahili kwa majirani waliotoka pembe nyingine za nchi, Sheng kwa vijana na kwenye steji, na Kiingereza darasani, ambako kwa sera ya elimu ya Kenya ndicho lugha ya kufundishia hisabati kuanzia darasa la nne. Mtoto hubadilisha lugha ya hesabu kama anavyobadilisha viatu mlangoni, na mara nyingi hata hajui kwamba amebadilisha.

Gari linalompeleka mjini nalo lina hesabu ndani ya jina lake. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba neno matatu lilitokana na maneno ya Kikuyu "mang'otore matatu", yaani sarafu tatu za senti kumi, ambazo ndizo zilizokuwa nauli ya abiria wa mwanzo. Kwa kuwa kiini -tatu ni cha Kikuyu na cha Kiswahili pia, neno hilo lilivuka kutoka lugha hadi lugha bila kuulizwa chochote, likaacha nyuma sarafu zake na kugeuka jina la chombo. Mgeni anayejifunza Kiswahili hunaswa hapo: akiona kiambishi ma- hudhani kuwa ni wingi wa ngeli ya mayai, kwa hiyo husema "matatu matatu yamejaa", ilhali wenyeji husema "matatu tatu zimejaa". Kwa kanuni alizofundishwa hajakosea hata kidogo, na ndiyo sababu watu kituoni hucheka.

Sheng imeongeza tabaka lake. Ashu ni shilingi 10, mbao ni 20, finje ni 50, soo ni 100 na thao ni 1,000, na noti ya 500 iliitwa jirongo kwa jina la mwanasiasa aliyevuma wakati wa uchaguzi wa mwaka 1992. Kati ya hayo, mbao ndilo lenye utani wa bure, kwa sababu katika Kiswahili sanifu ni ubao katika wingi wake, na mnunuzi anayeuliza kwa fundi seremala mbao moja ni mbao ngapi ameuliza swali la kuzidisha kwa ishirini ambalo kamusi ya shule haiwezi kulifumbua.

Wataalamu walikwisha kuliona tatizo la aina hii zamani, tena karibu na hapo. Mnamo Septemba 1974 UNESCO na washirika wake waliitisha mjini Nairobi kongamano kuhusu uhusiano wa isimu na ufundishaji wa hisabati, na mmoja wa waliotoa mada alikuwa M. A. K. Halliday, mwanaisimu mzaliwa wa Uingereza. Halliday alieleza kwamba kila lugha inayotumika kwa hisabati hujijengea rejesta ya hisabati, yaani jumla ya maana na namna za kusema zinazofaa shughuli hiyo, na akasisitiza kuwa rejesta si orodha ya istilahi tu bali pia ni mitindo ya kujenga hoja. Rejesta hiyo hupatikana kwa njia kadhaa: maneno ya kawaida hupewa kazi mpya, maneno mengine hukopwa, na mengine huundwa. Njia ya kwanza, ya kulipa neno la kawaida kazi mpya, ndiyo chemchemi ya karibu utani wote wa hisabati, kwa sababu neno lililopewa kazi mpya halijaacha kazi yake ya zamani.

Swali la Kiingereza linaloulizia "difference" kati ya 8 na 5 linatosha kuonyesha hali hiyo. Mwalimu anangoja 3, lakini mwanafunzi anayejibu kwamba moja ni shufwa, yaani inagawanyika kwa mbili bila kubakiza, na nyingine ni witiri, yaani hubakiza moja, amejibu kwa ufasaha swali ambalo mwalimu hakukusudia kuliuliza. Jibu hilo likitolewa na mtoto aliyezaliwa ndani ya Kiingereza huhesabiwa kuwa ucheshi. Likitolewa na mtoto wa Witeithie huwa hatarini kuhesabiwa kuwa ujinga, ingawa maneno ni yale yale na mantiki ni ile ile. Hili ni dhuluma ndogo ya kila siku ambayo walimu wachache wanaiona.

Mpangilio uliotajwa mwanzoni sasa unaweza kuelezwa. Mtoto wa Kiingereza hulifahamu neno "product" kwanza kama bidhaa ya dukani, na miaka baadaye huambiwa kuwa ni pia tokeo la kuzidisha, kwa hiyo mzaha unaoigongesha maana ya pili kwenye ya kwanza humrudisha mahali alipokulia. Mtoto wa Witeithie huenda akalisikia neno hilo kwa mara ya kwanza katika zoezi la kuzidisha, na bidhaa zinazotoka katika viwanda vya Thika zikaitwa hivyo masikioni mwake baadaye sana. Kwake maana ya darasani ndiyo ya asili na ya dukani ndiyo ngeni, kwa hiyo mzaha ule ule humjia kinyumenyume na makali yake hupotea. Si kila neno liko hivyo, kwa maana "volume" huenda alikutana nalo kwenye redio muda mrefu kabla ya kuambiwa atafute ujazo wa pipa, na hapo huwa sawa na mwenzake wa London.

Mzaha maarufu kuliko yote wa Kiingereza kuhusu nambari huuliza kwa nini 6 inaiogopa 7, na jibu ni kwamba 7 ilimla 9, kwa sababu jina la 8 katika Kiingereza hutamkwa sawa na neno la "alikula". Hakuna hisabati ngumu hapo, ila mfuatano wa 7, 8, 9, na mtoto wa Kenya huupata mzaha huo upesi mara tu masikio yake yanapozoea sauti hizo mbili kuwa moja. Ukitiwa katika Kiswahili hufa papo hapo, kwani nane haijawahi kumla mtu. Hata hivyo Kiswahili kina mzaha wake mahali hapo hapo. Mtu akiulizwa ni nani kati ya tano na saba asiyeweza kukata shauri, jibu ni sita, kwa kuwa kila siku husita. Mzaha huo nao hauwezi kupelekwa London, na pengine ni haki.

Mfano wenye utajiri zaidi unapatikana kilomita chache kutoka Witeithie, Juja, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Chuo hicho ni mwenyeji wa taasisi ya sayansi za msingi, teknolojia na ubunifu ya Chuo Kikuu cha Afrika, iliyo chini ya Umoja wa Afrika, ambayo hupokea wanafunzi wa shahada za juu kutoka nchi nyingi za bara hili, wakiwamo waliosoma hisabati kwa Kifaransa na ambao Juja huwalazimu kuisoma kwa Kiingereza. Wafaransa wana mzaha unaojulikana na karibu kila aliyepita sekondari ya kwao: Logarithimu na Eksponensia wamekwenda hotelini kula, na swali ni nani atakayelipa bili. Jibu ni Eksponensia, kwa sababu Logarithimu ni "népérien".

Mzaha huo unahitaji kufunguliwa kama kifurushi. Logarithimu ya nambari ni kipeo ambacho msingi fulani lazima uinuliwe nacho ili kuipata nambari hiyo. Msingi ukiwa 10, logarithimu ya 1,000 ni 3, kwa kuwa 10 ikizidishwa kwa yenyewe hadi kutumika mara tatu hutoa 1,000. Eksponensia ni kitendo cha kinyume, cha kuuinua msingi. Msingi ukiwa nambari e, inayokaribia 2.718, Waingereza huiita logarithimu hiyo kuwa ya asili, lakini Wafaransa huiita kwa jina la John Napier, Mskoti aliyechapisha majedwali ya kwanza ya logarithimu mwaka 1614, na kivumishi cha jina lake ndicho "népérien". Katika matamshi ya haraka kivumishi hicho hukaribiana mno na maneno "ne paie rien", yaani halipi kitu. Basi Logarithimu halipi kitu, na mwenzake ndiye hubeba bili, jambo ambalo hata kihesabu lina sura ya ukweli, kwa kuwa eksponensia hukua kwa kasi kubwa huku logarithimu ikijivuta kama bahili.

Mwanafunzi Mkenya aliyetumia miaka minne na vitabu vya majedwali ya logarithimu anaweza kuzijua logarithimu kuliko Mfaransa wa kawaida, na bado asicheke, kwa kuwa Kiingereza kilimnyima jina la Napier mahali ambapo mzaha unalihitaji. Upande wa pili, mwanafunzi aliyetoka Kamerun au Senegali akijaribu kuwasimulia wenzake wa Juja, hugundua kwamba kila neno analolitafsiri ni sahihi na mzaha haupo tena. Kukosa kucheka kwa hadhira hiyo hakuonyeshi upungufu wa akili wala wa lugha. Kunaonyesha tu kwamba nchi mbili zilimkumbuka mtu mmoja kwa njia tofauti. Hata wanaozungumza Kifaransa hawako pamoja kila mara. Tisini na saba kwa Mfaransa wa Paris husemwa kama ishirini nne, kumi na saba, fumbo la kuzidisha na kujumlisha ambalo watoto wake hulimeza bila kutafuna, ilhali Mkongomani aliyekirithi Kifaransa cha Ubelgiji husema "nonante-sept", tisini na saba, kama Mswahili.

Kiswahili chenyewe kina rejesta ya hisabati iliyojaa michezo ya namna hii, ila sehemu kubwa ya wazungumzaji wake nchini Kenya hawajakutana nayo, kwa sababu shule ziliwapa istilahi za Kiingereza. Tanzania, ambako hisabati ya shule za msingi za serikali hufundishwa kwa Kiswahili, mtoto hujifunza kwamba 7 na 11 ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe, na neno tasa, linalotumika pia kwa asiyezaa, humwambia kwa picha moja kile ambacho fasili hukieleza kwa sentensi nzima. Pembe huwa kali ikiwa chini ya nyuzi 90 na butu ikizidi hapo, na mfugaji yeyote anajua ni pembe ipi ya kuikimbia. Tokeo la kuzidisha ni zao, kwa hiyo mkulima na mwanafunzi huulizana juu ya mazao bila kuelewana. Dereva wa daladala wa Dar es Salaam anaposema hesabu ya leo ni ngumu, hazungumzii mtihani bali fedha anazopaswa kumpelekea tajiri mwenye gari jioni.

Witiri nalo ni neno la kuangaliwa, kwa sababu mpangilio hapo hugeuka hata ndani ya Kiswahili. Mtoto wa Kiislamu wa Mombasa au Unguja hulijua kwanza kama sala ya usiku yenye rakaa zisizogawanyika kwa mbili, na somo la hisabati humkuta nalo tayari. Mtoto wa Witeithie aliyelelewa kanisani akilipata kabisa, hulipata kama istilahi kavu ya kukariri. Lugha ni moja, nambari ni zile zile, na bado mmoja ni mwenyeji na mwingine ni mgeni.

Wiki ya Kiswahili ni mzaha mwingine ambao wenyeji wameuzoea hadi hawausikii. Siku huhesabiwa kuanzia Jumamosi, ya kwanza, hadi Jumatano, ya tano. Kisha hufuata Alhamisi, jina lililotoka Kiarabu ambamo nalo lina maana ya siku ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Kwa hiyo wiki ina siku ya tano mbili zinazofuatana, na siku ya sita haipo, pengine ilisita. Mgeni huliona hilo katika juma la kwanza la masomo, na mwalimu wake Mswahili hushangaa kuulizwa.

Tarehe nazo zina mitego. Siku ya Pai iliyoanzishwa mwaka 1988 na Larry Shaw katika jumba la makumbusho la Exploratorium mjini San Francisco husherehekewa Machi 14, kwa kuwa Wamarekani huandika mwezi kabla ya siku na kupata 3/14, tarakimu za mwanzo za uwiano wa mzingo wa duara kwa kipenyo chake. Mkenya, anayeandika siku kwanza, hupata 14/3 na haoni duara lolote hapo, ingawa UNESCO iliipitisha siku hiyo mwaka 2019 kuwa ya kimataifa ya hisabati. Angekuwa na haki ya kupendekeza Julai 22, kwa sababu 22/7 ndiyo sehemu ambayo wanafunzi wa Kenya hufundishwa kuitumia badala ya pai, nayo hutofautiana na pai yenyewe kuanzia nafasi ya tatu tu baada ya nukta. Julai hiyo hiyo ina Saba Saba, ambayo Tanzania hukumbusha kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954 na maonyesho ya biashara, na Kenya hukumbusha mkutano wa Kamukunji uliopigwa marufuku mwaka 1990 katika kudai vyama vingi. Mzaha kuhusu saba mbili unaochekesha Dar es Salaam unaweza kunyamazisha meza nzima Nairobi.

Hakuna nambari inayoonyesha mambo haya vizuri kuliko kenda. Katika Kiswahili cha pwani kenda ni jina la zamani la tisa, linaloishi katika methali isemayo kenda karibu na kumi na katika hesabu ya miezi, kutoka Mfunguo Mosi hadi Mfunguo Kenda. Pwani hiyo hiyo, kenda ni pia mkato wa amekwenda. Kwa hiyo anayeuliza baada ya nane ni nani, akajibiwa "kenda", amepewa jibu la hesabu na taarifa kwamba mtu ameondoka, huku nane na nani zikifanana kidogo masikioni ili kuongeza utamu. Kijana wa bara aliyefunzwa tisa peke yake hakipati chochote kati ya hivyo. Bibi wa Kikuyu wa Witeithie hupata nusu, kwa sababu kenda ni tisa katika lugha yake pia, ila kule kuondoka hakumo.

Badala yake ana kenda yake, ambayo ni ngumu zaidi. Masimulizi ya asili ya Wagikuyu yanasema kwamba Gikuyu na Mumbi, waliokaa Mukurwe wa Nyagathanga katika nchi ya Murang'a, kaskazini mwa Thika, walizaa mabinti ambao ndio chimbuko la koo, na mabinti hao hutajwa kuwa kenda mũiyũru. Mũiyũru ni iliyojaa. Mgeni aliyesoma hesabu atatafsiri kuwa ni tisa kamili, isiyozidi wala kupungua, na atakuwa amekosea kwa moja, kwa sababu kenda iliyojaa ni kumi. Inaelezwa kwamba ni mwiko kuwahesabu watoto wa mtu kwa idadi yao halisi, kwani kufanya hivyo huwakaribisha mabaya, kwa hiyo idadi hutamkwa pungufu na kivumishi kikaachiwa kazi ya kubeba yule aliyebaki. Hapa mchezo wa maneno haukukusudiwa kumchekesha yeyote; ni ulinzi, na mwenye lugha hujumlisha moja kimyakimya bila kufundishwa.

Ngũgĩ wa Thiong'o, mzaliwa wa Limuru katika kaunti hiyo hiyo ya Kiambu, aliyafanya maneno hayo mawili kuwa jina la utendi wake wa Kikuyu uliotoka mwaka 2018, kisha akautafsiri mwenyewe kwa Kiingereza na kuuita The Perfect Nine mwaka 2020. Neno la Kiingereza alilolichagua linaweza kumaanisha kukamilika na linaweza kumaanisha kutokuwa na kasoro, na hakuna maana kati ya hizo mbili inayomwambia msomaji aongeze moja. Msomaji wa Kikuyu humjua binti wa kumi kabla ya kufungua kitabu. Yule wa Kiingereza humngoja hadi hadithi imtaje kwa jina, Warigia, kitinda mimba, ambaye miguu yake haikuweza kutembea tangu alipozaliwa.